MTU NI AFYA: SOMO WALILOSOMA BIBI ZETU (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Mbinga na Nyasa, tunaendelea.

Ukimwona bibi anawahimiza wajukuu wafukie madimbwi baada ya mvua, muulize kajifunza wapi. Kama ana miaka 70 na kitu, huenda akakujibu: redioni, mwaka 1973.

Mwaka huo kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na vipindi vya redio. Watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadili, halafu wakaamua cha kufanya. Masomo yalikuwa malaria, minyoo, kuhara, kifua kikuu, na kichocho, ambacho sisi wa ziwani tunakijua. Ilichukua wiki 12. Walitarajiwa watu milioni 1, wakashiriki kama milioni 2.

Sasa hapa ndipo pa kujifunza. Waliotathmini hawakuishia kuhesabu vichwa. Waliwapima washiriki kabla na baada. Tena katika baadhi ya vijiji walikwenda mpaka majumbani: choo kipo? Nyasi zimefyekwa? Maji yametuama? Kweli walikuta mabadiliko, na vyoo vingi vilichimbwa nchini. Kikundi kilisaidia sana, maana ukichimba choo peke yako na jirani hana, nzi hawajui mpaka.

Vijana wale ndio wazee wetu wa leo. Adui sasa ni presha na sukari. Wanaitwa kwenye elimu ya afya, wanasaini, wanarudi nyumbani. Je, somo limefika? Karatasi ya mahudhurio haiwezi kukujibu.

Wewe unayeishi naye ndiye unayeweza kujua. Wiki hii angalia mambo manne:

1. Dawa za presha anameza kila siku, au akijisikia nafuu anaacha?
2. Chumvi kwenye dagaa imepungua?
3. Tarehe ya kliniki anaikumbuka?
4. Anaweza kukueleza kwa maneno yake, Kimatengo au Kinyasa, kwa nini anameza dawa?

Namba 4 ikishindikana, usimgombeze. Mzee hajafundishwa kwa lugha inayomfikia. Mrudishe kituoni, kaa naye, muulize muuguzi pamoja. Presha haiumi mpaka siku inapoangusha mtu.

Sehemu ya 4: Chakula ni Uhai, 1975. Nani bibi yake alikuwa kwenye kikundi cha redio? Tuandikie hapa chini.