Semi-otomatiki si mashine ya washamba

Kila wiki lazima nipate mtu mtandaoni akicheka semi-otomatiki. Mnaijua: mashine ya mapipa mawili, moja la kufua na jingine la kukamua, na vile vifundo juu vinavyolia krrr ukivizungusha. Ati hiyo ni ya kizamani, ati mtu aliyeendelea hununua ya mlango wa mbele. Sawa wasee, tuangalie tarehe. Mashine otomatiki ya mlango wa mbele ilianza kuingia kwenye nyumba za Marekani 1937. Ile sahani inayozunguka ndani ya semi yako ilianza kutamba baada ya 1948. Kama ni umri tunapimana, semi ndiyo kitindamimba.

Lakini tuanze na nguo yenyewe. Haitakati kwa maji na sabuni peke yake, lazima isumbuliwe. Mtazame mama fua akishika shati: anasugua kitambaa kwa kitambaa mpaka unasikia ule mlio wa chwi chwi, anapinda, anakamua, na jicho lake linajua doa liko wapi. Hakuna mashine imewahi kufanya hayo yote. Kila kizazi cha wahandisi kilichagua mwondoko mmoja tu, kisha kikatafuta njia ya kuuendesha.

Karne ya 19, Uingereza na Marekani, mwondoko ulikuwa wa kukoroga. Mtu alishika mti wenye miguu kama kigoda kidogo, akauzungusha ndani ya pipa la nguo huku na huku mpaka mabega yaume. Mashine nyingi za kwanza zilikuwa mti huohuo umefungwa chini ya kifuniko, na mpini juu. Mkono ulibaki palepale. Umeme ulipokuja, kampuni ya Hurley ya Chicago ikauza mashine iitwayo Thor, na Alva Fisher akapata hataza yake 1910. Wengi humwita baba wa mashine ya umeme, jambo lenye ubishi, maana mashine za umeme zilishakuwa zinatangazwa magazetini kabla ya hapo. Kilicho muhimu kwangu ni pipa lake: lilizunguka upande mmoja, likasimama, likarudi upande wa pili, ili nguo zisijifunge donge moja.

Halafu 1922, kule Newton, Iowa, kampuni ya Maytag ikatoa mashine iliyobadilisha biashara yote. Mtu wao Howard Snyder alitoa kikorogeo kwenye kifuniko akakiweka chini, katikati ya pipa, kikiwa na mabawa. Badala ya kuburuta nguo ndani ya maji, sasa maji yenyewe yalisukumwa kupita kwenye nguo. Inaonekana kitu kidogo, lakini iliifanya Maytag kuwa jina kubwa kabisa Marekani kwa mashine za kufua.

Hapa kuna tatizo la kiufundi ambalo mimi hulipenda sana. Mota ya wakati huo ilijua kuzunguka upande mmoja tu. Kikorogeo kinataka kwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nani atamgeuza? Jibu lilikuwa sanduku la gia: vyuma vyenye meno, vinaogelea kwenye oili, vinabadilisha mzunguko kuwa msukosuko. Kazi safi, lakini nzito na ya bei. Na gia ikikatika meno, buda, hapo si mchezo.

Maytag hao hao walikuwa wameshafikiria wakulima ambao stima haijawafikia. Tangu miaka ya 1910 waliuza mashine yenye injini ya petroli, unaiwasha kwa kupiga teke pedali kama pikipiki, moshi unatolewa nje kwa mpira. Cheka ukitaka, lakini mtu huyo alianza na swali la maana: nyumba ya mnunuzi ina nini na haina nini?

Bendix, 1937, walianza na jibu tofauti: nyumba ina kila kitu. Pipa lao lilikuwa limelala. Nguo zinapanda na ukuta wa pipa, zinaanguka puu! kwenye maji kidogo yaliyo chini, zinapanda tena. Ilijaza maji, ikafua, ikasuuza, ikakamua, yote peke yake. Mwondoko huu ni mpole kwa nguo na hautumii maji mengi, hilo siwezi kukataa. Lakini haikuwa na springi za kuitulizia, kwa hivyo ilibidi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu, la sivyo itembee. Na ilidhani mfereji hautakauka katikati ya kazi. Kumbuka hiyo.

Sasa tuje kwa mwenye mada. Mwaka wa 1948 Hoover walifungua kiwanda Merthyr Tydfil, Wales, wakaanza kutoa mashine ndogo ya mraba. Ndani hakuna mnara wala pipa la kuzunguka. Kuna sahani moja tu yenye matuta, imepachikwa ukutani, inazunguka kasi mpaka maji yanakuwa kimbunga. Mota, mkanda, sahani, basi. Lile sanduku la gia halikuhitajika. Ilikuwa na kasoro zake: shati na suruali zilitoka zimesukana kama nywele, na kukamua bado kulikuwa kwa rola mbili za mkono. Rola hizo ni ndugu za zile za umeme zilizomeza vidole na mikono ya watu Marekani mpaka madaktari wakalipa jeraha hilo jina lake.

Japani waliiangalia sahani ile vizuri. Mwaka wa 1953 Sanyo walitoa ya kwao, kwa yen 28,500, nafuu kuliko za kikorogeo, na ikawa moja ya vitu vitatu ambavyo kila familia ya huko ilivitamani miaka hiyo, pamoja na friji na TV. Baadaye sahani ikahamia chini ya pipa, na rola zikaondolewa kwa kuongeza pipa la pili linalokamua kwa kuzunguka kasi. Hapo ndipo semi ilipozaliwa. Swichi ya saa ndiyo inaigeuza mota kushoto na kulia, ndiyo maana yako husimama kidogo kisha inarudi nyuma.

Na kwa nini imeshika hapa Nairobi? Mimi niko ghorofa ya nne, maji huja siku mbili kwa wiki. Semi haijali. Namimina kwa ndoo. Naanza na nyeupe, kisha maji yaleyale ya sabuni yanafua za rangi, kisha soksi na taulo za jikoni. Stima ikipotea, nafungua kifuniko naendelea na mikono. Ya mlango wa mbele ikikosa maji katikati inasimama na kuwaka taa, imefungia jinsi zako ndani, na wewe uko na date saa kumi.

Kuna hatua nyingine lazima niitaje. Fisher & Paykel wa New Zealand, 1991, walitoa mashine ambayo mota inafungwa moja kwa moja kwenye mhimili: hakuna mkanda, hakuna gia. LG wakafuata na yao mwisho wa miaka ya 90. Ile kazi ya kugeuza kushoto na kulia, iliyofanywa na vyuma vya Maytag, sasa inafanywa na saketi inayoamuru sumaku. Ni werevu mkubwa, na kelele inapungua sana. Shida ni kwamba mkanda ukikatika, fundi wa mtaani anakuuzia mwingine jioni hiyohiyo. Bodi ya saketi ikiungua kwa sababu stima imerudi na hasira, utaambiwa bei halafu ukae chini kwanza. Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize muuzaji mambo mawili: bodi ya hiyo mashine inauzwa pesa ngapi, na iko Nairobi ama inaagizwa?

Na wenye semi, niambieni: yale maji ya mwisho mnamwaga ama yanaenda choo?