Vita vya Siku Sita: Majeshi mawili ya kigeni yalivyopigana ndani ya Kisangani

Kuanzia Juni 5 hadi 10, 2000, watu wa Kisangani walijifungia ndani bila maji wala umeme huku makombora yakianguka juu ya nyumba zao. Waliokuwa wanapigana ni Rwanda na Uganda. Ndiyo, ndani ya Congo, kwenye mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao.

Wenyeji wanaviita Vita vya Siku Sita.

Ilikuwaje wakafika huko?

Agosti 1998, Rwanda na Uganda ziliingia Congo zikiwa upande mmoja, zikiwasaidia waasi wa RCD kumng'oa Rais Laurent-Désiré Kabila. Kisangani, mji mkubwa kando ya Mto Congo na soko la almasi, ukaangukia mikononi mwao mwezi huohuo.

Urafiki haukudumu. RCD ikagawanyika mwaka 1999: Rwanda ikabaki na kundi la Goma, Uganda ikamkumbatia Profesa Ernest Wamba dia Wamba, yule aliyekuwa mwalimu wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyuma ya siasa hizo kulikuwa na ugomvi wa nani aushike mji na utajiri wake. Agosti 1999 wakapigana. Mei 2000 wakapigana tena. Juni ikawa balaa.

Raia katikati

Wanyarwanda walikuwa mjini, Waganda upande wa kaskazini kwenye Mto Tshopo. Kila upande ulirusha silaha nzito juu ya mitaa iliyojaa watu. Inakadiriwa makombora zaidi ya 6,600 yalianguka. Hapo hakuna cha bahati mbaya: ukipiga mizinga kwenye makazi ya watu kwa siku sita, unajua atakayekufa ni nani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, na majeruhi zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa kabisa. Shule, hospitali na kanisa kuu la Katoliki navyo viliharibiwa.

Juni 16, 2000, Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1304, likizitaka nchi zote mbili ziondoke na kusema zinapaswa kulipia uharibifu.

Nani amelipa?

Hapa ndipo panauma. Congo ilizishtaki zote mbili kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), The Hague. Kesi dhidi ya Uganda ilisikilizwa, na mwaka 2005 Uganda ikakutwa na hatia ya kukiuka sheria za kimataifa. Ile ya Rwanda ilikwama Februari 2006, siyo kwa sababu Rwanda ilionekana haina kosa, bali mahakama ilisema haina mamlaka juu yake. Yaani vita ni vilevile, mji ni uleule, ila kesi iliyosikilizwa ni moja tu.

Februari 2022 mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa vita vyote, siyo Kisangani peke yake. Congo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Malipo yakapangwa kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka, na ya kwanza ililipwa Septemba 2022.

Kabla ya hapo, baadhi ya manusura, wakiwemo waliokatwa miguu au mikono, walipanda boti wakashuka Mto Congo hadi Kinshasa kudai haki yao. Safari yao imo kwenye filamu ya mwaka 2020 ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, iitwayo En route pour le milliard. Itafute, haina mbwembwe.

Fedha zilipoanza kuingia, zikawekwa chini ya mfuko maalumu wa waathirika, FRIVAO. Septemba 2025, aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa takribani dola milioni 19 za mradi wa kujenga gereza Kisangani. Fedha hizo zilitoka kwenye mfuko huohuo wa waathirika. Mutamba alikana mashtaka.