Wizi wa Programu za Kompyuta na Mzigo wa Mnunuzi Mwaminifu



Kila askari anaijua maana ya wizi. Mtu akimchukua ng'ombe wa jirani yake, zizi hubaki tupu, mwenye ng'ombe hupiga yowe, na polisi hufuata nyayo. Lakini uko wizi mwingine ambao hauachi zizi tupu. Mwizi huondoka na mali, na mali hiyo hiyo ikabaki pale pale mikononi mwa mwenyewe. Huo ndio wizi wa programu za kompyuta. Kwa kuwa mwenye mali hapotezi kitu cha kushikika kwa mkono, watu wengi, pamoja na baadhi ya wale waliokabidhiwa ulinzi wa sheria, huudhani kuwa si wizi. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaitazama historia ya jambo hili, ili tuone ni nani hasa aliyeumia.

Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyatekeleze. Pasipo maagizo hayo kompyuta ni bati na nyaya tu, mithili ya gari lisilo na dereva. Kuandika maagizo hayo kwaweza kuchukua miezi, pengine miaka. Kuyanakili huchukua dakika. Katika tofauti hiyo, kati ya miezi ya mwenye jasho na dakika za mwenye tamaa, ndimo wizi huu ulimozaliwa.

Mwezi Januari mwaka 1975, gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitangaza kompyuta ndogo yenye jina la Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque. Iliuzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe nyumbani. Vijana wawili, Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na mwenzao Monte Davidoff, waliiandikia kompyuta hiyo programu ya lugha ya BASIC, iliyomwezesha mtu wa kawaida kuipa kompyuta maagizo bila kuhangaika na tarakimu tupu. Programu hiyo iliandikwa kwa matundu juu ya utepe wa karatasi.

Mwezi Juni mwaka huo huo, MITS ilifanya maonyesho katika mji wa Palo Alto, jimbo la California. Hapo utepe mmoja ukatoweka. Haukupita muda, nakala zake zikagawiwa katika klabu ya wapenda kompyuta iliyoitwa Homebrew, kwa mapatano kwamba kila achukuaye nakala moja arudi na mbili. Kwa hesabu ya namna hiyo, mali ya watu watatu ikawa mali ya kila mtu.

Tarehe 3 Februari 1976, Gates aliwaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi, ambayo ilichapishwa katika magazeti yao. Alidai kwamba wenye Altair walioinunua BASIC hawakufika asilimia 10, na kwamba malipo waliyoyapata waandishi wake, yakigawanywa kwa saa walizofanya kazi, hayakufika dola 2 kwa saa. Aliwauliza ni nani atakayekubali kufanya kazi ya ustadi mkubwa bila ya ujira. Wengi waliisoma barua ile kwa hasira, maana iliwaita wezi hadharani.

Haki inatutaka tuutaje pia upande wa pili. Baadhi ya wateja walikuwa wamekwisha kuilipia BASIC, na bado walikuwa wakiingoja. Tena MITS iliiuza kwa bei nafuu kwa wale tu walionunua na kadi zake za kumbukumbu, na kadi hizo zilikuwa na sifa mbaya ya kutofanya kazi. Aliyetaka kadi nzuri ya kampuni nyingine alitozwa zaidi kwa BASIC. Hayo yalikuwa malalamiko ya kweli. Lakini malalamiko juu ya mwenye duka hayampi mteja ruhusa ya kulivunja duka lake. Na katika kisa hiki walioumia hawakuwa wenye duka peke yao, bali pia wale walioifanya kazi yenyewe.

Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilizitaja programu za kompyuta waziwazi katika sheria ya hakimiliki. Hata hivyo sheria iliyo kitabuni haimkamati mtu. Watengenezaji walipoona kwamba unakili unaendelea majumbani na maofisini, waliamua kujilinda wenyewe. Wakaanza kutia kufuli ndani ya bidhaa zao. Na hapo, ndugu msikilizaji, ndipo alipoingia mtu wa tatu ambaye hakuwa na hatia yoyote, yaani mnunuzi mwaminifu.

Chukua mfano wa Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu iliyotolewa mwaka 1983 na kuenea upesi katika biashara. Mnunuzi aliyekwisha kuiweka katika kompyuta yake alilazimika kuingiza disketi ya asili kila alipotaka kuitumia. Disketi ni kitu dhaifu. Vumbi, joto na sumaku huiharibu. Ilipoharibika, mhasibu aliyelipa kila senti alikaa mbele ya mashine iliyogoma. Wakati huo huo, programu za kuvunjia kufuli hizo ziliuzwa madukani waziwazi, na aliyekuwa na nakala ya wizi isiyo na kufuli aliendelea na kazi yake pasipo usumbufu. Manung'uniko ya wateja yalikuwa makubwa mno, hata kampuni kadhaa kubwa zikaziondoa kufuli zao kabla ya miaka ya 1980 kwisha.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1986, katika mji wa Lahore nchini Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga programu ndogo iliyojificha katika disketi na kujinakili yenyewe kutoka disketi moja hadi nyingine. Walitia ndani yake majina yao, anwani yao na namba zao za simu. Baadaye walieleza kwamba shabaha yao ilikuwa kuwafuatilia watu walioinakili programu yao ya mambo ya uganga. Lakini mtego huo, uliopewa jina la Brain, haukujua kuchagua. Ulivuka bahari na kufika Marekani, ukaingia katika disketi za wanafunzi ambao hawakuwahi kuisikia hiyo programu ya uganga. Leo unahesabiwa kuwa kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo.

Kisa cha tatu kilitokea mwaka 2005. Kampuni ya muziki ya Sony BMG, ikihofia wanakili, ilitia katika baadhi ya santuri zake za CD programu iliyojisakinisha katika kompyuta na kujificha humo pasipo mwenyewe kujua. Tarehe 31 Oktoba 2005 mtaalamu Mark Russinovich aliifichua hadharani. Ilibainika kwamba pale programu hiyo ilipojificha, virusi navyo viliweza kujificha. Kampuni ililazimika kuzikusanya santuri hizo kutoka madukani. Sasa tujiulize: nani aliyepata madhara? Si yule aliyeuchukua muziki kwa njia ya wizi, maana nakala yake haikuwa na mtego huo. Aliyepata madhara ni yule aliyekwenda dukani, akatoa fedha yake, akapewa risiti.

Visa hivi vyatufundisha jambo moja. Mwizi wa programu huwapiga watu wawili kwa fimbo moja. Humpiga mtengenezaji, ambaye hukosa ujira na pengine kuacha kazi kabla ya kuikamilisha. Kisha humpiga mnunuzi mwaminifu, ambaye huchangia gharama peke yake, na juu ya hayo huwekewa kufuli, mitego na mashaka yaliyokusudiwa wengine. Raia akiona sheria haimlindi, hujitengenezea silaha yake mwenyewe. Na silaha ya namna hiyo aghalabu humpata asiyehusika. Askari hana haja ya kuelezwa hatari hiyo, kwani ndiyo sababu mataifa yana polisi na mahakama, badala ya kila mtu kujichukulia sheria mkononi.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki sheria zipo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ile ya Kenya ya mwaka 2001 na ile ya Uganda ya mwaka 2006, zote huzilinda programu za kompyuta. Vijana wetu nao sasa wanaandika programu za shule, za zahanati na za vyama vya ushirika. Kijana wa namna hiyo hana jeshi la mawakili wala mtaji wa kungojea. Nakala za wizi zikimtangulia sokoni, amekwisha. Kwa hiyo mkono wa sheria uanze kwa mlanguzi anayenakili kwa mamia na kuuza, wala usimalizie nguvu zake kwa mwanafunzi mwenye nakala moja.

Wako watakaosema kwamba programu ni ghali na nchi zetu ni maskini. Ni kweli kwamba nyingi ni ghali. Lakini njia ya halali ipo. Tangu mwaka 1983, Richard Stallman alipoanzisha kazi ya GNU, na mwaka 1991, Linus Torvalds alipoitoa Linux, ziko programu ambazo watungaji wake wenyewe wameruhusu zinakiliwe na kugawiwa. Asiye na fedha anaweza kuzitumia hizo akiwa na kichwa juu.

Tuanzie basi nyumbani. Kituo cha polisi au kambi ya jeshi inayotumia programu ya wizi hujiweka mahali pabaya mara mbili: haijui ni nini kilichofichwa ndani ya nakala hiyo, wala haina uso wa kumkamata mlanguzi aliyeiuza. Ofisa akague mashine za ofisi yake, aulize leseni ya kila programu iko wapi, na isiyo na leseni iondolewe na kuwekwa ya halali. Hiyo ni kazi ya wiki moja, na haihitaji bunduki.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mwandishi wa programu amechumia juani, na mnunuzi mwaminifu amelipa. Ni wajibu wa mlinzi wa sheria kuhakikisha kwamba kivuli hicho hakikaliwi na mwingine.