Chembe Nyeupe za Damu na Historia ya Maambukizi Sugu katika Ukanda wa Migodi wa Shinyanga na Geita

Historia ya machimbo ya Shinyanga na Geita imeandikwa zaidi kwa kigezo cha madini: kuanzishwa kwa mgodi wa almasi wa Mwadui mwaka 1940, kufungwa kwa mgodi wa kikoloni wa Geita mwaka 1966, na kurejea kwa migodi mikubwa ya dhahabu kuanzia mwaka 2000. Makala haya yanadai kwamba chembe nyeupe za damu za mchimbaji nazo ni kumbukumbu ya historia hiyo.

Ushahidi wa msingi ni jaribio lililofanyika mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994, Geita ikiwa bado sehemu ya mkoa huo. Katika jamii 6 kati ya 12, tiba ya magonjwa ya zinaa iliboreshwa kwenye vituo vya afya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kuwa maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Kibiolojia, ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvuta chembe za CD4 kwenye utando wa viungo vya uzazi, nazo ndizo VVU huzishambulia. Askari aliyeitwa kulinda lango huwa ndiye lango lenyewe.

Hata hivyo, jaribio la Rakai, Uganda, lililochapishwa mwaka 1999, halikuonesha upungufu huo. Huko janga lilikuwa limekwisha komaa, na tiba ilitolewa kwa umma mzima kwa vipindi badala ya kupatikana kituoni wakati wote. Hivyo, wakati na namna ya kutibu ni sehemu ya hoja.

Machimboni mzigo huongezeka. Katika maduara na kwenye makarasha, makrofaji za mapafu humeza vumbi la silika zisiloweza kulisaga, zikafa, na vimelea vya kifua kikuu vikapata nafasi. VVU hupunguza chembe za CD4 zinazozichochea makrofaji hizo. Maambukizi yakidumu, chembe T huchoka: zimo katika damu, lakini hazitendi kazi kikamilifu.

Kwa hiyo, kueleza maradhi ya mchimbaji kwa tabia yake pekee ni kuifupisha historia. Vumbi asilojikinga nalo na zahanati iliyo mbali vimo pia katika damu yake.