Mvita ilikaribisha mkutano, kalamu ikashikwa na wengine

Tangu UNESCO iitangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mnamo 2021, hotuba za kuisifu lugha hii hazipungui. Mwaka 2028 tutakuwa na jambo zito zaidi la kuzungumza. Utatimia mwaka wa 100 tangu maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari walipokutana Mombasa kuamua Kiswahili cha vitabu kiwe kipi. Shuleni tukio hilo hupewa sentensi moja: Kiunguja, lahaja ya Unguja, kilichaguliwa. Yaliyotangulia na yaliyofuata hayasimuliwi sana, ilhali ndiyo yanayotufunza nani hupewa kalamu ya kupima kazi ya mwenziwe.

Ubishi ulikuwa mkali. Wamisionari wa CMS, walioanza kazi Mombasa tangu Ludwig Krapf alipofika mwaka 1844, walikishikilia Kimvita, lahaja ya Mombasa (Mvita). Ndicho kilichomlea mshairi Muyaka bin Haji, na ndicho alichokitafiti William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, hata akabuni alama za kutofautisha paa wa porini na paa la nyumba, kama watamkavyo wenyeji. Wenzao wa UMCA, waliokuwa na makao Unguja, walikuwa na vitabu vya Edward Steere. Walikuwa pia na hoja nzito: Kiunguja kilikuwa kimeshafuata misafara ya biashara hadi bara. Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, alikuwapo. Kimvita kikashindwa nyumbani kwake.

Januari 1, 1930, Kamati ya Lugha ikaanza kazi, makao yake Dar es Salaam, katibu wake Frederick Johnson. Ilipewa kazi ya kusawazisha tahajia na sarufi, kutunga kamusi na kukagua vitabu vya shule. Mswada uliletwa kwa Kamati, ukapewa wasomaji waliotambuliwa kuwa wajuzi, wakaandika maoni na masahihisho, mwandishi akarudishiwa autengeneze. Uliopita ulipata kibali cha Kamati. Ukilinganisha na jarida la kitaaluma la leo, mkondo ni ule ule: mhariri hupokea makala, mara nyingi huondoa jina la mwandishi, huwapelekea wasomaji wawili au zaidi wa fani hiyo, nao husema ichapwe, irekebishwe au ikataliwe. Hata Nature, jarida mashuhuri la sayansi la Uingereza, halikuufanya ukaguzi huo wa wasomaji kuwa lazima kwa kila makala hadi mwaka 1973.

Kwa hiyo utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kwa waliokalia viti. Kwa miaka mingi ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika. Aliyezaliwa na lugha alipimwa na aliyejifunza ukubwani. Mwandishi wa Mombasa aliyeandika ndia, ndoo na kitwa alitakiwa kuandika njia, njoo na kichwa, iwapo alitaka kitabu chake kiingie darasani. Ukipita leo karibu na Fort Jesus utaikuta barabara ya Ndia Kuu, jina lililobaki vinywani na kwenye vibao bila idhini ya Kamati yoyote.

Wajuzi hawakukosekana. Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Ulikuwa na Sheikh Mbarak Ali Hinawy, liwali aliyekusanya hati na tenzi za kale na kumsaidia mhariri William Hichens. Tungo za Muyaka, mshairi wa Mvita, zilitoka kitabuni mwaka 1940, huko Johannesburg!

Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa, ni mmoja wa waliolirudia suala hili kwa kina. Historia ya Kiswahili, aliyoiandika pamoja na Mathias Mnyampala, ilichapishwa mwaka 1977, yeye akiwa amekwishafariki. Ukikisoma kitabu hicho unaelewa kwamba usanifishaji ulitupatia lugha moja ya shule kutoka Mombasa hadi Kigoma, na hiyo ni neema. Unaelewa pia kwamba mengi ya lahaja yaliachwa nje ya mlango.

Baadaye mambo yalibadilika. Mshairi Shaaban Robert alifika hadi kuwa mjumbe wa Kamati. Makao yalihamia Nairobi, Makerere, na mwaka 1962 hapa Mombasa kwa muda mfupi, kisha yakarudi Dar es Salaam, na Kamati ikawa taasisi ya chuo kikuu, leo TATAKI. Taarifa ya Kamati ya mwaka 1930 ndiyo iliyokua ikawa jarida liitwalo Kiswahili, ambalo bado linatoka.

Vyuo vikuu navyo vimeongezeka, hata hapa pwani. Lakini makala kuhusu tenzi za Mvita, Lamu au Pate bado huamuliwa na wenye shahada peke yao. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi Mombasa na kutupa neno runinga, alikuwa maktaba nzima bila kuhitaji cheti cha mtu. Wahariri wa majarida yetu waanze sasa kuwaandika washairi na wazee wa lahaja katika orodha za wasomaji wao, wawalipe kwa kazi hiyo na wayaheshimu maoni yao sawa na ya profesa. Maadhimisho ya 2028 yakifanyika Mombasa bila hatua hiyo, tutakuwa tumeurudia mkutano ule ule.