Aliyepitwa naye ahesabiwe

Wenzangu wa lisanse, tangu Kigali 2025 vijana wetu wa Mulekera wanaongea mashindano ya kinga kila jioni. Tarehe 28 Septemba, mbio za wanaume za ubingwa wa dunia wa barabara, ubingwa wa kwanza wa aina hiyo kufanyika Afrika, zilikuwa za kilometa 267.5. Tadej Pogačar alishinda. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengine, zaidi ya mia, hawakupewa nafasi yoyote.

Kuna mchezo mwingine wa kinga wenye hesabu tofauti: siklokrosi, mbio za mashamba na potopoto. Mwaka 1902 askari Mfaransa, Daniel Gousseau, alipanga ubingwa wa kwanza wa Ufaransa, na Fernand de Baeder akashinda. Mwaka 1950 ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Paris, Jean Robic akauchukua. Siku hizi mbio zinafanyika kwenye njia fupi inayozunguka, ya kilometa 2.5 mpaka 3.5.

Shida ni potopoto. Mvua ikinyesha, mzunguko wa dakika 6 unakuwa wa dakika 9. Ukiamua mizunguko 10 kabla ya mvua, mbio zitaenda saa moja na nusu. Njo maana siklokrosi inaanza na saa: wanaume wakubwa karibu dakika 60. Waamuzi wanapima mizunguko ya kwanza, kisha wanatangaza imebaki mingapi. Kwa hiyo unapoanza haujui idadi. Ukijimaliza mapema, saa itakungoja. Wa mwisho unagongewa kengele.

Na aliyepitwa? Kwenye mbio kubwa, ukiachwa nyuma kwa asilimia 80 ya muda wa mzunguko wa kwanza wa kiongozi, unatolewa. Kama mzunguko huo ni dakika 7, ukichelewa dakika 5 na sekunde 36, kwako imeisha. Lakini kwenye mbio nyingi za watu wa kawaida anaachwa aendelee. Tuseme mbio ni za dakika 40. Kiongozi anatumia dakika 8, anamaliza mizunguko 5. Mwingine anatumia dakika 10 na nusu: kiongozi akifika, yeye iko kwenye wa nne. Anaumaliza, dakika 42, anaandikwa mizunguko 4. Ana nafasi yake.

Mtu mmoja mwenye saa na daftari, akiandika namba ya kila anayepita, anatosha kwa kundi dogo. Sisi wa agronomia tunajua jambo hili: kwenye majaribio ya shamba, kipande kilichozaa kidogo hatukifuti kwenye jedwali, juu ukikifuta, shamba zima linadanganya. Vijana wa hapa, wanaopandisha mizigo kwa kinga za chuma nzito, wakikimbia na wenye kinga nyepesi watapitwa. Tukipanga mbio Mulekera, tuanze na saa, na aliyepitwa tumuandike.