Mashine za Kutafuta Mshipa

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu. Mtoto mwenye kipindupindu hupoteza maji mengi mpaka mishipa yake inanywea. Muuguzi akitaka kumtundikia dripu anadunga hapa, anadunga pale, mshipa haupati. Na dakika zinakwenda.

Ukiwa mpenzi wa teknolojia kama mimi, utakimbilia kamera kwanza. Herbert Zeman wa Memphis, Marekani, alibuni VeinViewer. Miale ya infraredi humulika ngozi, himoglobini ya damu huimeza, kamera hunasa kivuli hicho, tarakilishi huisafisha picha na projekta huirudisha palepale juu ya ngozi. Unaiona mishipa kama ramani ya barabara! AccuVein ikafuata 2009, ndogo ya kushika mkononi. Lakini ramani hiyo haikuambii mshipa uko chini kiasi gani. Utafiti wa Uholanzi uliotolewa 2013 ulipima VeinViewer, AccuVein na VascuLuminator kwa watoto zaidi ya 1,900. Mishipa ilionekana vizuri zaidi, ila sindano ya kwanza haikufaulu kuliko kawaida. (Sisi watu wa programu tunaupenda sana ugonjwa huu wa skrini nzuri.)

Ultrasaundi huonyesha kina. Mwaka 1999 madaktari wa dharura Marekani waliijaribu kwa wagonjwa waliokwisha kudungwa bure angalau mara mbili. Karibu 9 kati ya 10 walipata dripu. Shida ni kwamba inataka mtu aliyeizoea.

Kifaa ninachokistahi zaidi hakitafuti mshipa wa mkono kabisa. Mwaka 1922 Cecil Drinker wa Harvard alichunguza mzunguko wa damu ndani ya uboho wa mfupa. Mishipa ya humo imeshikiliwa na mfupa, kwa hiyo hainywei hata mwili ukikauka. Tocantins wa Philadelphia akaitumia njia hiyo kuanzia 1940, na majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia wakatiliwa maji kupitia mfupa wa kifua. Kisha zikaja kanula za plastiki, dripu ya mshipani ikawa rahisi, na mfupa ukasahaulika! James Orlowski, daktari wa watoto wa Marekani, aliikuta njia hiyo India wakati wa mlipuko wa kipindupindu, na 1984 akaandika kuwahimiza wenzake waifufue.

Mwaka 2004 ikaja EZ-IO, kekee ndogo ya betri inayotoboa mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti, kwa sekunde chache. Ni njia ya muda tu. Hutolewa mshipa ukipatikana. Pasipo na kekee ipo sindano nene ya kuzungusha kwa kiganja, na kwa mtoto mdogo inaingia vizuri kwa sababu mfupa wake bado laini. Hiyo haitaki betri wala skrini.